Askofu wa h7: Kafara ya Sataranji Mbele ya Kompyuta

Mhadhara kwa wachezaji na wapenzi wa sataranji, Nateete, Kampala



Nianze na aibu yangu mwenyewe. Kuna kibaraza hapa Nateete, si mbali na barabara ya Masaka, ambako jioni watu hucheza omweso upande mmoja na sataranji upande wa pili, au chesi, kama vijana wanavyoiita. Ubao wetu ni karatasi ngumu iliyobandikwa juu ya kipande cha mbao. Farasi mmoja mweusi alipotea zamani, na mahali pake tunaweka kizibo cha soda. Jioni moja nilikuwa nacheza na Hajji, jirani yangu, mtu mwenye subira kunizidi. Alikuwa amemhifadhi mfalme wake pembeni, nyuma ya vitunda vitatu, kama inavyofundishwa. Nikamchukua askofu wangu, nikala kitunda cha h7, sheki. Askofu mzima kwa kitunda kimoja! Kibaraza kikanyamaza. Hajji akanitazama, akautazama ubao, akasema, "Mwalimu, leo umechoka?" Akamla askofu. Farasi wangu akaruka hadi g5, mfalme akarudi g8, malkia wangu akatua h5. Tishio likawa wazi: nikifika h7, hana pa kwenda. Hajji akasogeza ngome yake mraba mmoja ili mfalme apate upenyo. Upenyo ule haukumfikisha mbali. Baada ya hatua chache alinipa mkono, nami nikarudi nyumbani natembea kama bwana harusi.

Kesho yake asubuhi akanijia kijana mmoja wa mtaani, fundi wa simu, ambaye jioni ile alikuwa amesimama nyuma yangu bila kusema neno. Mchezo wote alikuwa ameuingiza kwenye simu yake. "Mzee," akasema kwa heshima zote, "hapa ulikuwa umekufa." Akanionyesha. Malkia wangu alipotua h5, askofu mweusi wa c8 alikuwa na njia wazi hadi f5. Akifika pale anailinda h7, shambulio langu limekwisha, nami nimebaki bila askofu. Simu iliandika tarakimu ndogo pembeni: nimepungukiwa na karibu vitunda vitatu.

Kijana alisema kweli. Nami nilishinda kweli. Kutwa nzima nilitafuta namna ya kuzipatanisha hizo kweli mbili, na mhadhara huu umetokana na kutafuta kule.

Kabla sijaendelea: wapo walioniuliza pale nje kwa nini nazungumza Kiswahili katikati ya Buganda. Mahali hapa si pageni kwa lugha hii. Alexander Mackay, yule mhandisi wa Kiskoti wa misheni ya CMS (Church Missionary Society) aliyefika Buganda mwaka 1878 na kuishi hapa Nateete, alisoma na kufundisha kwa maandiko ya Kiswahili kabla hajachapa kurasa za Kiganda kwa mashine yake ndogo. Kwa hiyo mashine ngeni na Kiswahili vimewahi kukaa pamoja mahali hapa. Turudi kwenye mashine yetu.

Kwanza neno lenyewe. Nimesema "kafara", na wengine husema "sadaka". Sadaka anayeitoa hangoji kurudishiwa, angalau na yule aliyempa. Kafara hutolewa ili balaa liondoke. Mchezaji wa sataranji hafanyi hata moja kati ya hayo. Yeye anatoa kwa jicho la mvuvi: anatia chambo. Na hapa wachezaji wa drafti mtanielewa upesi, kwa sababu nyinyi kazi hii mnaifanya kila siku. Mnamlisha mtu kete moja, naye hana hiari, kwani katika drafti kula ni lazima. Akishakula mnaruka tatu. Chambo cha drafti kina kamba, samaki anavutwa mdomo. Katika sataranji hakuna kamba. Mpinzani akitaka anakula, asipotaka anaacha. Naomba mliweke hilo akilini, maana nitalirudia.

Omweso nao una somo lake. Mashimo ni 32 na kete ni 64. Katika sataranji kete ni 32 na miraba ni 64, sijui nani alipanga mzaha huo. Lakini katika omweso, kama katika bao la Waswahili, kete iliyoliwa haifi. Aliyeila anaipanda upande wake na kuizungusha, na punde inarudi kukupiga wewe uliyekuwa mwenyewe. Mtu aliyelelewa kwenye omweso ana uchungu wa asili wa kutoa. Nadhani ndiyo sababu wazee wa kibaraza chetu, wakihamia sataranji, hulinda kila kitunda kama shamba la urithi.

Rudolf Spielmann, Mwaustria aliyependa kushambulia kuliko kula, aliandika kitabu kizima juu ya kafara mwaka 1935. Humo alizigawa mara mbili. Ziko za uongo, ambazo mtoaji amekwisha kuhesabu mpaka mwisho na anajua atarudishiwa mali yake au atamfunga mfalme. Hizo kwa kweli ni mkopo wa muda mfupi. Na ziko za kweli, ambazo mtoaji hawezi kuhesabu mpaka mwisho. Anaona tu kwamba mfalme wa mwenzake yuko uchi na kete zake mwenyewe ziko karibu, anatoa, anaomba Mungu. Ukiutazama vizuri mgawanyo huu, haukai kwenye ubao. Unakaa kwenye kichwa cha mchezaji, pale hesabu yake inapokomea. Kompyuta imeusogeza mpaka huo mbali sana. Kafara nyingi ambazo kwa Spielmann zilikuwa za kweli, kwa simu ya yule kijana ni mkopo tu, na simu inajua kama utalipwa au hutalipwa.

Inajuaje? Mwaka 1950 Claude Shannon, Mmarekani, alichapisha makala iliyoeleza jinsi mashine inavyoweza kucheza sataranji. Ipe kila kete bei: kitunda 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Ongeza vijibei vya mambo mengine, kama vitunda vilivyokaa vibaya na kete zenye nafasi ya kutembea. Kisha iache mashine ijaribu hatua zangu, majibu yako, majibu yangu kwa majibu yako, na mwisho wa kila njia ipige hesabu. Ichague njia ambayo hata wewe ukijibu vizuri kabisa, mimi nabaki na hesabu nzuri kuliko njia nyingine. Miaka iliyofuata watu waliongeza mbinu za kukata matawi yasiyo na faida, lakini mzizi ni huo.

Oneni kilichomo ndani ya mzizi huo. Mashine inachukulia kwamba mpinzani atajibu vizuri kabisa. Haimjui Hajji. Haijui kwamba swala ya magharibi ilikuwa imekaribia na alitaka kumaliza, wala kwamba askofu wake wa c8 alikuwa hajasogea tangu mwanzo wa mchezo na macho yake yalikwisha kumsahau. Kwa mashine, f5 ni mraba mmoja tu kati ya mingi, na inaupitia kwa uaminifu uleule inaoupitia mraba mwingine.

Sasa niwapeleke kwenye mchezo mkubwa kuliko wangu. Pale nyuma, juu ya meza, nimepanga kete kama zilivyokuwa tarehe 20 Januari 1999 mjini Wijk aan Zee, Uholanzi. Kete nyeupe ni za Garry Kasparov, bingwa wa dunia. Nyeusi ni za Veselin Topalov wa Bulgaria. Ni zamu ya hatua ya 24. Mfalme mweusi yuko a7, ukingoni kabisa. Farasi mweupe amejikita a5, hatua mbili tu kutoka kwa mfalme huyo, lakini yuko peke yake na hana wa kumlinda. Malkia mweupe f4 na malkia mweusi d6 wanatazamana. Katikati kipo kitunda cheusi, d4, kinalindwa na mwenzake wa c5.

Kasparov akainua ngome yake ya d1 akala kitunda cha d4. Ngome kwa kitunda, tano kwa moja.

Topalov akaila ngome. Hapo ngome ya pili ya Kasparov ikateremka hadi e7, sheki, mbele ya mdomo wa malkia mweusi. Malkia angeweza kuila nayo. Lakini fuateni kwa kidole: akila, malkia mweupe anachukua d4, sheki. Mfalme akikimbilia b8, malkia anamfuata b6. Askofu akikinga b7, farasi anaingia c6, sheki tena. Mfalme anajibanza pembeni a8, malkia anatua a7 akilindwa na farasi, na mchezo umekwisha. Topalov aliliona hilo, kwa hiyo mfalme wake akapanda b6 badala yake. Ndipo ikaanza safari ambayo mimi, kila nikiirudia, najikuta nimesimama. Mfalme anakula farasi a5, anasukumwa a4, anakula a3, anakula b4, anakula c3, anaingia d2, anafika d1, mstari wa nyumbani kwa adui yake, huku malkia mweupe akimkimbiza kama askari wa jiji na mchuuzi. Na mfalme akiwa pale d1, hatua ya 36, Kasparov anasogeza askofu hadi f1 kimya kimya, bila sheki yoyote. Topalov alikubali kushindwa baada ya hatua ya 44.

Kwa miaka mingi mchezo huu umewekwa miongoni mwa michezo mizuri kuliko yote iliyowahi kuchezwa, nami sibishi. Sasa chukueni simu. Hatua ya 24, simu inasema, usiile ngome. Mpandishe mfalme b6, basi. Mfalme mwenyewe anamtisha farasi wa a5, na ngome ya d4 haijakimbia, bado inaning'inia. Mweupe anamrudisha farasi b3, mweusi anakula kitunda cha d5 kwa askofu, malkia wanabadilishana, na vumbi linatulia. Simu inaandika sifuri: hakuna aliyezidi. Halafu inatia chumvi kwenye kidonda. Hatua ya 28 Kasparov alimpeleka malkia c3, kumbe ngome kwenda a7 ilikuwa na nguvu zaidi. Mchezo wa ajabu umebaki na madoa mawili, moja kila upande.

Nimekutana na vijana wakiisoma sifuri ile na kusema, "Kumbe Kasparov alibahatisha." Hapo ndipo ninapokataa. Kafara ile haikutupwa juu ya ubao mtupu, iliwekwa mbele ya Topalov, saa yake ikitembea. Ngome nzima imelala wazi, kuila kunaonekana halali, na dawa ni kumtoa mfalme wako mwenyewe nje ya nyumba kwenda kukutana na farasi. Nani hapa angefanya hivyo bila kuambiwa? Sifuri inatuambia kwamba dawa ilikuwepo. Ugumu wa kuipata haiuoni. Na ugumu huo ndio Kasparov alioununua kwa ngome.

Lakini pia sitaki wazee wenzangu wafurahi mapema na kusema mashine haina roho, tuitupe. Bila mashine tungekuwa tunawasimulia watoto kwamba Topalov alishindwa tangu ngome ilipogusa d4. Ni uongo. Alishindwa alipokula. Kosa lina namba, hatua ya 24, upande wa mweusi. Hiyo ndiyo faida kubwa ya uchambuzi wa kompyuta kwa mtu anayejifunza. Unaacha kuuliza kama kafara ilikuwa halali, kama vile tuko mbele ya kadhi, unauliza ni saa ngapi mlango ulifungwa na nani aliusukuma.

Zamani swali hilo lilikula siku na siku. Mwaka 1960 mjini Moscow, Mikhail Tal, kijana wa Riga wa miaka 23, alipambana na Mikhail Botvinnik kuwania ubingwa wa dunia. Katika mchezo wa sita, hatua ya 21, Tal alimrusha farasi hadi f4, aliwe. Ukumbi ukalipuka kwa kelele mpaka wachezaji wakahamishiwa chumba cha ndani. Botvinnik alimla, akahesabu, akahesabu, hatua ya 25 akakosea, akashindwa. Uchambuzi wa baadaye ndio ulioonyesha njia ambayo ingempa Botvinnik nafasi nzuri ya kushinda. Tal akachukua ubingwa kwa pointi 12½ dhidi ya 8½. Botvinnik alikuwa mhandisi wa umeme, na baadaye alitumia miaka mingi kutengeneza programu ya sataranji itakayofikiri kama bingwa. Haikufika mbali. Huwa nawaza kama farasi wa f4 alikuwa akimjia usiku.

Waliofika mbali ni IBM. Mashine yao Deep Blue iliweza kupitia hali za ubao milioni 200 kwa sekunde, na tarehe 11 Mei 1997, New York, ilimshinda Kasparov mchezo wa sita na mechi nzima kwa 3½ dhidi ya 2½. Mchezo ule ulimalizwa na kafara, na iliyotoa ni mashine. Hatua ya saba Kasparov alisogeza kitunda chake h6 kumfukuza farasi. Farasi badala ya kukimbia akala e6. Kafara hiyo ilikuwa imeandikwa katika kitabu cha mianzo ambacho wataalamu waliipa mashine, kwa hiyo haikuhitaji hata kuihesabu. Kasparov hakutarajia mashine yenye ubahili wa hesabu itoe farasi kwa kitunda, na mchezo haukufika hatua ya 20.

Desemba 2017 likaja jambo jingine. AlphaZero, programu ya kampuni ya DeepMind ya London, ilifundishwa kanuni tu, ikacheza yenyewe kwa yenyewe kwa saa chache, kisha ikakutana na Stockfish, programu iliyokuwa na nguvu nyingi wakati huo. Michezo 100: AlphaZero ilishinda 28, sare 72, haikushindwa hata mmoja. Ilipitia hali elfu 80 tu kwa sekunde, mwenzake milioni 70. Wachezaji walishangazwa zaidi na namna yake ya kutoa. Ilitoa kitunda, wakati mwingine farasi, na haikudai malipo kwa hatua ishirini au zaidi. Ilitaka tu kete za mpinzani zikose hewa. Sababu ni kwamba haikupewa ile orodha ya bei ya Shannon. Ilijifunza kukisia jambo moja: kutoka hapa, nina nafasi gani ya kushinda? Stockfish yenyewe mwaka 2020 ilichanganya hesabu yake ya zamani na mtandao wa neva, kwa mbinu iliyobuniwa na Yu Nasu wa Japani kwa ajili ya mchezo wao wa shogi. Hiyo ndiyo iliyomo ndani ya simu ya kijana wangu, bure, na haihitaji bando ikishapakuliwa.

Sasa nirudi karibu. Kutoka hapa ukipita Ndeeba unafika Katwe. Huko ndiko Robert Katende alikowaanzishia watoto sataranji na kikombe cha uji, na huko Phiona Mutesi, mmoja wa watoto hao, alianza kucheza yapata mwaka 2005. Hawakuanza na mashine ya kuwasahihisha. Walikuwa na ubao, mwalimu, na mwenzao wa kubishana naye. Mwaka 2012, kwenye Olimpiadi ya Istanbul, Phiona na mwenzake Ivy Amoko walipata cheo cha kimataifa cha FIDE, shirikisho la sataranji duniani. Sisemi haya ili tuone fahari ya kukosa vifaa. Angewapa mtu kompyuta wangeitumia, na wangefanya vizuri. Nasema kwa sababu kile walichokuwa nacho ndicho ninachokiona kinapungua kwenye kibaraza chetu. Mchezo ukiisha, zamani tulikuwa tunaurudia pamoja, aliyeshinda na aliyeshindwa, tukipokonyana kete mikononi: "Ningeenda hapa!" "Ungeenda hapo ningekula hii!" Siku hizi kabla ya mkono kutolewa mtu amekwisha kuchungulia simu, na mabishano yamekufa.

Kwa hiyo nina ombi kwa vijana. Andikeni michezo yenu, kila hatua, na pembeni yake mwandike dakika zilizobaki kwenye saa. Mkitoa kafara, andikeni jioni ileile, kwa maneno yenu, mliogopa jibu gani. Mbishane na mpinzani kwanza. Simu ifunguliwe mwisho, na ikifunguliwa iulizwe kwa adabu: mpinzani wangu angekataa wapi? Nilipofanya hivyo kwa mchezo wangu na Hajji niligundua jambo ambalo simu haikulitaja kwa sababu sikuiuliza. Sikuwa nimeiona f5 mimi pia. Sikutia chambo, niliteleza nikaangukia samaki. Nimekwenda kumwambia Hajji hivyo, naye amecheka mpaka akashika mbavu, na sasa kila nikimgusa askofu anauliza kama nimechoka.

Ubao uko pale nyuma, zamu ni ya mweusi, ngome imekwisha kula d4. Atakayetaka kukaa kiti cha Topalov, karibu. Nimeweka saa, dakika kumi, na simu zote zibaki mifukoni.